Dakika Nne za Kanshimba

Wanamuziki saba wa Kolwezi walirekodi wimbo wa kuwasaidia watu wa Kanshimba siku ya Jumamosi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la simu. Feni ilikuwa na kelele, kwa hiyo waliizima na kuimba huku wakitokwa jasho. Aicha, binti wa Tata Alfani mwenye malori, aliongoza sauti. Kalombo alipiga gitaa. Hakuna aliyedai malipo.

Kanshimba ulikuwa mtaa. Mwezi wa Juni kampuni ya mgodi ilionyesha karatasi inayosema kwamba shaba iliyo chini ya nyumba ni yake, ikaleta tingatinga, kisha ikazungusha waya. Watu walihamia kwenye mahema kando ya reli iendayo Kasaji. Wimbo uliwapatia unga, sabuni na maturubai mazito, nao walishukuru.

Redio ilianza kuupiga kila siku saa nne asubuhi. Siku ya kwanza, wimbo ulipoanza, nyumba za Kanshimba zilisimama tena mahali pake, na mabati yake, na nguo zikiwa kwenye kamba. Wimbo ulipokwisha baada ya dakika nne, zikaondoka. Walinzi walimpigia simu mkubwa wao. Aliuliza kama nyumba hizo zina kibali. Walisema hawajui, naye akasema atauliza Lubumbashi.

Watu walizoea. Ikifika saa nne, walinzi walifungua geti na kila mtu akaingia kwake. Mama Mushiya alikuwa akifagia sebule. Wengine walikaa tu kwenye viti vyao. Hakuna aliyepika, kwa sababu maharage hayaivi kwa dakika nne. Waliojaribu kuupiga wimbo kwenye simu walipata kizingiti cha mlango, basi.

Mwezi wa Desemba, mchana, Mado, mke wa mtoto wa Mama Mushiya, alishikwa na uchungu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na maji yalifika magotini ndani ya hema. Mama Mushiya, ambaye ni mkunga, alimpapasa tumbo, akasema asipandishwe pikipiki wala lori kwenye barabara ile ya mashimo iendayo hospitali.

“Mi shitazala mu maji,” Mado alisema. “Nitazala mu nyumba yangu.”

Banza, mumewe, alimpigia simu Aicha, akamweleza kwamba safari hii dakika nne hazitatosha. Aicha alikuja na lori la baba yake, pamoja na Kalombo na mpiga ngoma aitwaye Mukuna. Wenzao wanne walikuwa wamekwenda kupiga kwenye harusi Kisenge. Banza alimbeba Mado mikononi kutoka kwenye mahema hadi kwenye waya, na mlinzi akafungua geti. Amri aliyopewa haikutaja mchana.

Walisimama kwenye matope wakaanza. Kwa watu watatu, ilisimama nyumba ya Mado peke yake. Walimlaza kwenye kitanda chake. Ilikuwa saa nane.

Saa tisa uzi wa gitaa ulikatika. Kalombo alipoacha kupiga ili aufunge, ukuta wa chumba ukawa mwembamba, na Mado akaiona mvua ng'ambo yake.

“Tata Kalombo, musiache,” Mama Mushiya alisema kutoka ndani. “Kichwa bado kutoka.”

Akaendelea na nyuzi tano. Maneno ya wimbo yalikuwa yamerudiwa mno, hivyo Aicha akaanza kuimba majina ya waliokaa Kanshimba, nyumba kwa nyumba. Wenye majina waliyasikia kule kwenye mahema. Walikuja na mvua yao kichwani, wakaingia wakiimba, na kila aliyeimba nyumba yake ilisimama. Saa kumi na moja sauti ya Aicha ilikatika kabisa. Mtaa mzima ulikuwa umesimama tayari, nao ukaubeba wimbo bila yeye.

Mtoto alizaliwa kabla ya giza kuingia, msichana. Mado alikunywa chai, akamwita Aicha.

“Aksanti,” alimwambia. “Mutoto wangu amezaliwa mu nyumba. Sasa mupumzike.”

Watu wakanyamaza. Nyumba zikaondoka. Banza aliwafunika mkewe na mtoto kwa turubai, wakarudi taratibu. Sauti ya Aicha ilirudi baada ya siku tisa.

Karani wa ofisi ya komini aliuliza mtoto amezaliwa wapi. Mado alitaja barabara na namba ya nyumba. Karani alitafuta, akasema Kanshimba haimo tena kwenye orodha, akaandika: kando ya reli. Mado alimwita mtoto Aicha, na hilo liliandikwa sawasawa.

Januari kampuni ilianza kuchimba. Redio bado hupiga wimbo saa nne. Nyumba husimama palepale pa zamani, juu ya shimo, bila kitu chini yake, na geti halifunguliwi tena. Mado huja na mtoto mgongoni, humgeuza atazame kupitia waya.

“Njo ile,” humwambia, akimwonyesha nyumba yao kwa kidole. “Ya mabati ya bluu. Njo mule balikupokea.”

Dakika nne zikiisha, hurudi kwenye mahema kusonga unga wa bukari.