Makaburi Aliyoyakana Mwalimu Nathanaeli

Ethel alipoona mwisho umekaribia, aliomba apakiwe kwenye lori kutoka Lisekese hadi Newala kwa mdogo wake, Mwalimu Nathanaeli. Hakutaka makubwa. Alitaka azikwe ubavuni mwa mama yao.

"Si unapajua?" alimuuliza kutoka kitandani. "Nilimfunikia chungu changu pale kichwani, kile chenye mistari mitatu. Nilikitoboa mwenyewe kitako."

"Napajua, dada," alijibu Nathanaeli, macho yake yakiwa sakafuni.

Alipajua mno, maskini! Mama yao, Mabel, aliuzwa akiwa mtoto, akakombolewa, akaletwa na wamisheni kutoka Unguja hadi huku juu Newala. Yeye na wenzake walizikwa mahali pamoja nje ya mji. Misalaba yao ililiwa na mchwa, vikabaki vyungu vilivyofunikwa juu ya makaburi na vichaka vilivyoota katikati.

Mwaka wa hamsini na tatu, malkia wa Uingereza alipotawazwa, kamati ya sherehe ikataka bustani pale pale. Karani akawakusanya wazee, akauliza kama kile kichaka kina wenyewe. Nathanaeli alikuwa amesimama na shemeji yake, Nikolao wa Chilangala, mtu wa ukoo unaojulikana. Wakati wa kumposa Anjelina, dada yake Nikolao, Nathanaeli alijigamba kwamba kwao Masasi ni watu wa ardhi yao tangu enzi na enzi. Sasa aseme mama yake amezikwa na watumwa? Alitazama wenzake waliokuwa na wafu pale. Kila mmoja alikuwa akichezea kofia yake.

"Hakuna kitu," alisema. "Ni kichaka tu." Akatia sahihi kwenye karatasi ya karani. Mwalimu mzima, jamani!

Miaka mitatu baadaye, sasa, alikwenda bustanini mbio mbio. Swalehe, mtunza bustani, alikuwa akimwagia maua maji ambayo wanawake waliyapandisha kwa kichwa kutoka bondeni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Swalehe, vile vyungu mlivyovikuta hapa mliviweka wapi?"

"Si hivi!" Swalehe alionyesha kingo za matuta. "Tulivivunja, tukavipanga. Vimependeza, eti?"

Nathanaeli alipiga magoti, akapekua kigae kimoja kimoja mpaka akakipata chenye mistari mitatu.

"Hiki kilikuwa upande gani?"

"Nani ajue, mwalimu? Tulilima watu arobaini." Kisha Swalehe akamtazama usoni, na kata ya maji ikamponyoka mkononi. "Kumbe ni makaburi? Mbona tuliambiwa hakuna? Mimi pia nina wazazi, mwalimu!"

Nathanaeli akakitia kigae mfukoni. Alirudi nyumbani, akamkuta Nikolao amekuja kumjulia hali mgonjwa, ameketi karibu na kitanda pamoja na Anjelina. Nathanaeli alimwekea dada yake kigae kiganjani. Ethel alikipapasa, akaitambua mistari yake.

"Mbona kimevunjika?"

Akamweleza yote, mbele ya shemeji yake na mke wake. Ethel alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliwaambia hatukuwa na mama," alisema.

"Niliona haya, dada. Niliogopa shemeji zangu watanidharau."

Nikolao alishusha pumzi. "Sisi, mwalimu? Sisi tulijua kabla hatujakupa dada yetu. Marehemu baba alisema kijana ni mpole, tusimuulize. Siku ile ya karani nilikuwa nikingoja useme, ili na mimi niseme ni makaburi."

Nathanaeli akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, na Anjelina akamwacha alie. Ethel aligeukia ukutani. Hakusema naye tena, wala siku ile wala ya pili yake, na alfajiri ya Alhamisi akafariki.

Walimzika makaburini pa kanisa, kati ya watu asiowajua. Waliomwosha walijaribu kumfungua kiganja, vidole vikakataa, wakamvika sanda na kigae chake mkononi.