Kivuli cha Helikopta ya Merv

Noreen alikuwa akianika mashuka ya bosi wake, Merv Tranter, pale Merv alipoiwasha helikopta aliyoiunda mwenyewe bandani. Ranchi nzima iliacha kazi kutazama, maana huku kaskazini mwa Queensland anayekusanya ng'ombe wake kwa farasi tu, bila helikopta, huchekwa hadi na mbwa.

"Itapaa au itataga?" aliuliza Kev, mchunga ng'ombe, mdomo umejaa mkate.

Ilipaa kimo cha mtu, ikayumba, mguu ukanasa kwenye waya wa ua, ikalala ubavu. Pangaboi likavunjika. Merv akatambaa nje na mkwaruzo kidevuni, akiporomosha matusi.

Kivuli cha helikopta hakikuanguka. Kilikwenda zake juu ya nyasi kavu, kikalivuka zizi, kikafika kwenye josho la zamani lililofukiwa, kikawa kinazunguka hapo hapo.

"Shangazi, hicho nacho kikaidi kama mwenyewe," Kev alimwambia Noreen, kama vijana wote wa ranchi walivyomwita.

Merv hakucheka. Noreen aliona jinsi alivyolitazama josho.

Josho hilo lilifukiwa na baba yake Merv, wiki ile aliyogombana na Desmond, kaka yake Noreen. Watu waliambiwa Desmond amedandia lori, kaenda Mount Isa. Kwa watu wa Noreen, wenyeji wa asili wa nchi hii, jina la marehemu halitajwi. Kwa hiyo yeye alilitaja la Desmond kila siku, kwa sauti, akiosha vyombo, akipika, ili asiwe amekufa.

Mkaguzi wa ndege alikuja, akapima pangaboi, akanywa chai. Kivuli alikiona. Alisema kazi yake ni vyombo vilivyoanguka, na kile hakijaanguka.

"Bosi, tuchimbe pale," alisema Noreen.

"Tumalize kwanza kukusanya ng'ombe."

"Na mkimaliza?"

"Yaliyopita si ndwele, Noreen."

Jua lilipokuwa kali ng'ombe walikigundua kivuli. Ndama walilala chini yake mchana kutwa, wakanenepa. Merv akaona faida, akahamishia hapo birika la kunyweshea, akamkabidhi Noreen kazi ya kulijaza. Ardhi ya josho ikakanyagwa kwato juu ya kwato, ikawa ngumu kama sakafu. Noreen alilia siku ya kwanza. Siku zilizofuata alijaza maji.

Kabla ya Krismasi Merv alipita na pikipiki.

"Vipi, Desmond hajaandika?" aliuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiuliza baba yake.

Noreen alifungua bomba, akayatazama maji yakipanda.

"Usilitaje tena jina hilo," alisema.

Merv alikulia mikononi mwa watu wa Noreen na mila zao alizijua. Alivua kofia. Kisha akaivaa, akawasha pikipiki, akaenda kuwaangalia ndama.