Faini ya Mbuzi

Cyrus alipewa usemaji wa ukoo kwa sababu moja tu: alijua kusema. Kati ya Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul, huko Marekani, hapakuwa na harusi, matanga wala harambee ambayo hakushika maikrofoni, na akishaishika, kumnyang'anya ilikuwa kazi. Kwa hiyo dada yake Alice alipotaka kwenda kumposea mwanawe Sydney, hakuna aliyeuliza nani atatangulia kuzungumza.

Safari hii walikuwa wanakwenda kwa Wahmong. Msichana, Mai, alizaliwa Saint Paul, lakini bibi yake aliyemlea alitoka milima ya Laos akapitia kambi ya wakimbizi kule Thailand. Watu wa Alice walifurahi waliposikia kwamba Wahmong nao hutoa mahari, nao huweka wasemaji wa pande mbili. "Kumbe ni watu wetu," Cyrus alisema, utadhani yeye ndiye aliyewagundua.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sydney alikuwa mwanajeshi. Alijiunga na jeshi la Marekani mwaka juzi, kikosi chake kilikuwa kinaondoka mwezi wa tano, naye alitaka kuoa kabla ya safari. Bibi hakuwa na neno na rangi yake wala na kanisa lake. Neno lake lilikuwa zile sare. Alikuwa ameshawaambia watu wake kwamba hajui kama ataweza kumtoa mjukuu wake kwa askari.

"Uncle, please," Sydney alimwambia Cyrus wakiwa ndani ya gari, "mambo ya war usiguse kabisa. Grandma alipoteza brothers wawili huko Laos. Ongea tu zile za kawaida za dowry, tukule, tuende home."

"Wewe relax," Cyrus alimjibu. "Nimeprepare kitu poa sana."

Alice alikuwa kiti cha nyuma. Katika mambo ya posa mama wa kijana hukaa kimya akapendeza, na Alice alikuwa amevaa vizuri kwa kazi hiyo.

Kitu poa chenyewe kilikuwa Rais Johnson, yule wa miaka ya sitini. Cyrus alifundisha historia Kakamega kabla hajaja kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Columbia Heights, na katika marais wote wa Marekani huyo ndiye aliyempenda kupita kiasi. Aliona hakuna namna bora ya kuziunganisha familia mbili za wageni kuliko kumtaja mtu mmoja aliyewatendea wema wote.

Basi walifika, pamoja na wajomba wengine wa ukoo, wakavua viatu mlangoni, wakakaa. Sebule ilijaa. Bibi alikaa kwenye kigoda kifupi karibu na dirisha, mwembamba, mikono mapajani, Mai nyuma yake. Cyrus alisimama, akazungumza Kiingereza chake cha darasani, na Chue, mjomba wa Mai, akawa anamgeuzia bibi kwa Kihmong sentensi kwa sentensi.

Alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Alieleza jinsi rais huyo alivyotia saini sheria ya haki za raia, mtu mweusi akaweza kukaa hotelini na kula kama watu. Alieleza sheria ya kura, bima ya matibabu ya wazee na ya maskini, ambayo ndiyo inayowalisha nusu ya Wakenya wa mji huu wanaotunza wazee, na sheria iliyofungua mlango kwa wageni kutoka Afrika na Asia. "Bila mtu yule," akamaliza, mkono hewani, "sisi tusingekaa sebule hii moja. Yeye ndiye mshenga wa kwanza wa ndoa hii!"

Wajomba wa upande wake walipiga makofi. Cyrus alijisikia mtamu.

Mengi ya hayo yalikuwa kweli. Lakini nusu ya pili ya somo lile Cyrus aliijua pia. Aliifundisha miaka na miaka: rais yuleyule, miaka ileile, na mabomu juu ya Vietnam na Laos. Aliitoa kwenye hotuba kama mtu anayemtolea mgeni miiba ya samaki, akaona amefanya adabu.

Bibi aliuliza jambo. Chue akatafsiri. "Anauliza, huyo Johnson ni yule wa ndege?"

"Ndiye," Cyrus akasema.

Bibi akaanza kuzungumza, polepole, bila kupandisha sauti. Alisema ndege za mtu huyo zilikuwa juu na kaka zake walikuwa chini, wakimpigania vita vyake. Mmoja alikuwa na miaka kumi na minne, bunduki ilikuwa ndefu kumzidi. Hakurudi. Mwingine aliletwa amefungwa ndani ya turubai, na mama yao alikatazwa kuifungua.

Hapo ndipo Cyrus alipopaswa kunyamaza. Mtu yeyote angenyamaza. Lakini mdomo wake ulikuwa na mazoea yake. Kwetu, msemaji akiteleza mbele ya wakwe hutozwa faini, watu wakacheka, mambo yakaendelea, na Cyrus alikuwa ameokoa posa nyingi kwa njia hiyo. Akainua mikono, akatabasamu. "Tumekosa, mama! Tutozeni faini. Upande wetu unaongeza mbuzi mmoja!"

Wajomba wawili wa nyuma walicheka, kwa mazoea tu, kisha wakajisikia wanacheka peke yao. Chue alimtazama Cyrus kwa muda mrefu kama anayempa nafasi ya kulifuta neno. Cyrus hakulifuta. Basi Chue akatafsiri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa.

Bibi alisema maneno machache.

"Anauliza," Chue akasema, macho kwenye zulia, "mbuzi mmoja kwa wote wawili, au kila mmoja na wake?"

Aibu ilimpanda Cyrus kutoka miguuni. Aliona soksi zake, aliona tumbo lake ndani ya suti, akavichukia vyote. Alitaka kusema samahani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata neno, hata hilo moja. Alikaa chini bila kuambiwa akae.

Bibi aliendelea. "Nyinyi mnajua kuomba. Mmekuja mbali, mmevua viatu, mmekaa. Kaka zangu hakuna aliyekuja kuwaomba. Mama alikuwa shambani akivuna mahindi, aliporudi walikuwa wameshachukuliwa kwenda vitani." Kisha akamgeukia Alice, ambaye hakuna aliyekuwa amemsemesha tangu waingie. "Na huyu wako? Nani alikuja kukuomba?"

Cyrus alilijua jibu kabla dada yake hajafumbua mdomo. Yeye ndiye aliyempakia kijana kwenye gari akampeleka ofisi ya kuandikisha askari kule Bloomington. Yeye ndiye aliyemwambia, mama yako tutamwambia ukishatia saini, wanawake hulia bure, utapata uraia na ada ya chuo. Na wiki iliyofuata alisimama kanisani akaomba makofi kwa ajili yake.

Alice alizungumza Kiswahili. "Hakuna aliyeniomba, mama. Kaka yangu huyu alimpeleka, mimi nikaambiwa yamekwisha."

Sydney, uso chini, akaligeuza kwa Kiingereza. Chue akaligeuza kwa Kihmong. Cyrus alilisikia likipita sebuleni kwa lugha tatu, na katika zote tatu hapakuwa na pa kujificha.

Bibi alisogeza kigoda chake hadi goti lake likagusana na la Alice. Akamshika mkono, akasema kwa kirefu, na Chue akafupisha: "Anasema mtoto anamtoa. Lakini hawapi nyinyi. Anampa huyu mama. Siku mwanawe akiwa huko vitani, watangoja pamoja."

Mai alianza kulia. Chue akamgeukia Cyrus, kwa heshima kamili, kama mila za pande zote mbili zinavyotaka. "Msemaji, tunangoja jibu la upande wenu."

Cyrus alisimama. Wote walimtazama, hata wale wajomba wawili wa nyuma, na wao hawakuwa na sura ya kupiga makofi.

"Dada," akasema, "jibu wewe."

Alice hakumtazama. Alimjibu bibi: "Tutangoja pamoja, mama."