Mwiko wa Nyumba Nzima

Mogaka alikuwa fundi seremala wa Mosocho, shemasi wa Wasabato, na mtu ambaye akisikia jogoo anafukuzwa nyuma ya jiko, husahau mara moja alichokuwa akisema. Yeye hakuliona hilo kuwa ulafi. Aliliita heshima ya mwenye nyumba, kwa maana miongoni mwa Abagusii wa siku zile kuku alikuwa chakula cha wanaume. Wanawake walimfuga, wakamkamata, wakamnyonyoa, wakampika, wakamfikisha mezani, kisha wakarudi jikoni kula mboga.

Mwaka 1968, mkewe Kemuma aliposhikwa na uchungu barabara ikiwa tope tupu, Vasant mwenye duka la vitambaa mjini Kisii ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa pikapu yake. Nyanchera akazaliwa salama. Tangu siku hiyo Mogaka alijiona hawezi kumtazama Vasant usoni mpaka amkaribishe ale kuku. Mgeni aliyeondoka bila kuku alikuwa hajakaribishwa, na Mosocho nzima ingejua kabla ya jioni.

Basi Jumapili moja Vasant akaja na mkewe Urmila. Jogoo mwekundu, aliyelindwa mwaka mzima asinyakuliwe na mwewe, akaletwa. Sufuria ikafunuliwa.

"Fundi," Vasant akasema kwa huruma, "mimi na mama hapana kula nyama. Kuku pia hapana. Dini yetu."

Uso wa Mogaka ukamshuka. Miaka minne amemtengenezea Vasant rafu za duka, na hakuwahi kuuliza.

"Hata paja dogo?"

"Hata dogo."

"Hata mchuzi?"

"Fundi, sisi tupe ile mama iko kula," Urmila akamkatiza.

Kemuma akaleta ugali wa wimbi, mboga chungu za chinsaga zilizolainishwa kwa maziwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wageni wakala mpaka wakaramba vidole. Mogaka alibaki na jogoo wake peke yake, kama mtu aliyepewa zamu ya kumlinda.

"Na wewe, mama," Urmila akamuuliza Kemuma, "kuku hapana kula kama sisi?"

"Ni mwiko. Mwanamke akila kuku hatulii nyumbani. Anazurura."

"Na bwana?"

"Bwana anakula."

Urmila alimtazama Mogaka, akaitazama sufuria, akamtazama Mogaka tena. "Kwetu mwiko iko ya nyumba nzima. Vasant kama nakula nyama, nalala dukani."

Vasant akatikisa kichwa kukubali. Ilionekana alikwisha kuambiwa.

Wageni walipoondoka, Mogaka akaivuta sufuria. Kemuma akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kuku.

"Baba Nyanchera, Biblia inamkataza kuku?"

Mogaka akajua amekwisha. Sabato iliyopita yeye mwenyewe alisimama kanisani akataja najisi kwa majina: nguruwe, sungura, kambare asiye na magamba. Kuku hakuwamo.

"Haimkatazi. Lakini mila yetu..."

"Mila sawa. Nataka tu iwe ya nyumba nzima, kama ya yule mama. Tunakula sote, ama hali mtu."

Mogaka akawafikiria wanaume wa Mosocho. Fundi anayegawana kuku na mkewe! Wangemcheka sokoni, wangemcheka kanisani, hata mazishini wangemcheka. Akajikaza.

"Basi hali mtu."

"Sawa." Kemuma akainua sufuria akaelekea mlangoni. "Mbwa hana mila."

"Ngoja!"

Sauti ile haikuwa ya shemasi. Kemuma akageuka. Mogaka alikwenda kwanza kufunga mlango, kwa sababu ya majirani, ndipo akachagua paja, kubwa, akalitia kwenye sahani ya mkewe.

Kemuma akauma. Akatafuna polepole. Mogaka alimtazama kwa hofu ya kweli, asijue kama anaogopa radi ya mwiko uliovunjwa au anaogopa kwamba atapenda.

"Baba Nyanchera, huyu hana chumvi."

"Nani?"

"Kuku! Hana chumvi kabisa. Miaka kumi na tisa nakupikia bila kuonja hata mchuzi, nawe unakula tu, unanyamaza? Mbona hukuniambia?"

Mogaka akatia kipande mdomoni, akafikiri. Hakuwa amenyamaza kwa upole wala kwa woga. Mama yake hakuonja. Shangazi zake hawakuonja. Kuku wote aliowala tangu azaliwe walipikwa na watu wasioruhusiwa kuonja.

"Nilidhani kuku ndivyo alivyo," akasema.

Kemuma akainuka kwenda kuleta chumvi.