Zamu ya Faili

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, mshauri wa masomo ambaye wanafunzi walimwita Mama Ratiba alikuwa akibana fomu za usajili kwa stepla, jino lake la chini likadondoka juu ya fomu ya kubadili somo. Aliliokota, akafuta damu pembeni ya sahihi. Kijana aliyekuwa dirishani alisubiri kwa adabu.

"Pole, mama. Nirudi baadaye?"

"Hapana, mwanangu. Bado kama ngumi mbili hivi, tutaendelea."

Zikaja mbili, moja ya shavu na moja ya mbavu. Mama Ratiba alishika ukingo wa meza, akamtaja Mola wake kimoyomoyo, kisha akagonga muhuri.

Ngumi hizo zilitoka upande wa pili wa mji. Huko kulikuwa na mlinzi wa kiwanda aliyerudi kila asubuhi kutoka zamu, akala, akampiga mkewe, akalala. Mkewe alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho, mwanamke wa miaka thelathini na minne, aliyechelewa kuanza na ambaye kwa hiyo hakukosa kipindi hata kimoja. Mwaka wa pili alikuja ofisini jicho likiwa limefumba kwa uvimbe, akasema anaacha masomo. Kwa utaratibu wa chuo, anayetaka kuacha hukaa na washauri watatu: wa masomo, wa unasihi na wa usajili. Walikaa naye asubuhi nzima, wakampangia vipindi vya kuanzia saa nne, wakamfungulia faili la pamoja na kutia sahihi wote. Tangu siku hiyo kipigo kikawa kinamwangukia yule ambaye faili liko mezani kwake. Mwanafunzi alifika darasani bila hata mchubuko.

Waligawana zamu. Mama Ratiba Jumatatu na Jumanne, Mnasihi Jumatano na Alhamisi, Mzee Muhuri wa usajili Ijumaa. Mwisho wa wiki mlinzi hakwenda kazini, na alikuwa mpole. Ijumaa moja Mzee Muhuri, akiwa na harusi ya binti yake, alilifungia faili kabatini. Mwanafunzi akaja na mdomo uliopasuka. Mzee alimwomba radhi, na Ijumaa iliyofuata alivunjwa mkono bila kunung'unika.

"Faili liko wapi?" Mnasihi aliuliza Jumatano, akiingia kwa magongo.

"Mezani kwako. Usijitie usahaulifu," alisema Mama Ratiba.

"Jana yule bwana alitumia nini?"

"Mikono mitupu."

"Basi leo ni mkanda. Navaa koti."

Mwaka wa mwisho mume mwenyewe alikuja ofisini, amenyoosha shati, ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Ratiba, taya likiwa limefungwa bendeji.

"Nimekuja kuwashukuru, walimu wangu. Mke wangu amebadilika sana. Siku hizi hata halii."

Walimpa kiti, wakamwonyesha alama za mkewe, naye akazisoma zote kwa fahari. Alipotoka, Mama Ratiba alikusanya karatasi za alama.

"Mbona hatukumwambia kitu?"

"Kifungu cha tisa," alisema Mzee Muhuri. "Mambo ya ndoa si ya idara yetu."

Mwanafunzi alihitimu kwa daraja la kwanza. Faili la aliyehitimu lilitakiwa kufika masijala Ijumaa kabla ya saa sita, lifungwe kwa kamba na kuwekwa kabatini. Wote watatu walijua kabati maana yake nini.

"Tumfelishe somo moja," Mnasihi alisema. "Abaki mwaka mwingine."

"Daraja lake amelisotea kwa haki," alisema Mama Ratiba. " Mimi simnyang'anyi."

"Basi liende," alisema Mzee Muhuri. "Nami nimechoka, jamani. Mkono huu hauinui hata kikombe."

Hakuna aliyemlaumu. Saa tano, Mama Ratiba alijifungia chumba cha karatasi akasali. Alisali kwa muda mrefu, akieleza mambo yote kwa mpangilio kama anayetoa taarifa kwa mkuu wake, na mwisho akaomba asamehewe kabla ya kutenda. Kisha akaandika kwenye daftari la masijala, mbele ya namba ya faili lile: Halionekani. Kwa miaka ishirini na miwili kazini hakuwahi kupoteza hata kipande cha karatasi.

Jumatatu saa mbili na nusu teke la buti lilimwangusha kutoka kitini. Mfupa wa bega ulilia kama kijiti kikavu. Alibaki sakafuni, uso ubavuni mwa meza, akisema asante, asante, mpaka pumzi ikamrudia. Mnasihi alikuja kumwinua, akaliona faili chini ya kalenda, pale mezani kwake.

"Nasikia limepotea."

"Limepotea, baba."

Mnasihi alimkalisha, akamfunga mkono kwa skafu yake.

"Basi Jumatano lipotelee kwangu."

Mzee Muhuri alikuwa mlangoni tangu mwanzo. Alikwenda mezani kwake, akatafuta rula, na kwa mkono ule mzima akaanza kuchora safu za zamu za mwaka mpya. Chini ya Ijumaa aliandika jina lake mwenyewe. Dirishani foleni ilikuwa imefika ngazini, na upande wa pili wa mji mlinzi alikuwa amenawa mikono na kulala.