Kisu cha Zarmina

Ijumaa ilimkuta Phelesia akipiga deki wodi ya wazazi kwa siku ya tano mfululizo. Mwenzake wa zamu alikuwa amefiwa huko kwao Kisegi, na matanga ya upande ule hayaishi upesi, kwa hiyo ndoo zote mbili, dawa ya sakafu na vitanda sita vilibaki juu ya mabega ya mtu mmoja. Mgongo ulikuwa umeacha kuuma, sasa ulikuwa umekufa ganzi tu. Miguu ilivimba ndani ya gambuti hata akaogopa kuzivua, maana kuzivaa tena kungekuwa kazi nyingine.

Hakuwa mtu wa maneno. Shule aliiacha darasa la sita mama yake alipolala kitandani asiamke, na tangu hapo alijizoeza kujibu watu kwa kichwa. Kile kituo kidogo cha afya, kwenye njia ya kwenda Ogwedhi, kilimfaa. Sakafu haimwulizi mtu swali.

Sista Eucabeth, muuguzi aliyekuwa mkubwa wa kituo, aliingia akiiweka simu mfukoni.

"Mtoto wa yule mama Mwafghani amekuwa manjano mpaka kwenye macho," alisema, kama anayeuambia ukuta. "Mama Bhoke mwenye nyumba ndiye amenipigia. Anasema asubuhi alimwona kwa dirisha. Hanyonyi vizuri, analala tu kama gunia. Na jana si nilienda mwenyewe kuwaangalia? Nikagonga mpaka vidole vikauma! Mlango haukufunguliwa. Watu wengine wana vichwa vigumu, yawa!"

"Atakufa?" aliuliza Phelesia. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Hiyo manjano ikipanda kwa ubongo, akiishi anaweza kuwa kiziwi, au asitembee. Asipoishi, basi. Anatakiwa alale chini ya taa za hospitali leo. Si kesho."

Phelesia akaegemea fimbo ya deki. Alijua ni kwa nini mlango ule haukufunguliwa. Kwenye stoo, nyuma ya madumu ya dawa ya sakafu, kulikuwa na jibu limefungwa kwa kitambaa.

Zarmina na mumewe Hekmat waliondoka Kabul mwaka ule serikali yao ilipoanguka. Walikaa Nairobi wakingoja karatasi za kwenda nchi nyingine, karatasi zisije. Hekmat alikuwa injinia, akapata kazi ya kuchimba visima, na kazi ikamleta huku. Jumatatu Zarmina alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwa Sista Eucabeth, salama kabisa. Jumanne asubuhi Phelesia alikwenda kunyoosha shuka akaona kitu kinachungulia chini ya mto. Kilikuwa kisu kidogo, mpini wa pembe, chuma chake kimechakaa kwa kunolewa miaka mingi.

Mwaka uliotangulia mzazi mmoja aliyekuwa akilia bila sababu alijikata mkono kwa wembe kitandani palepale. Aliyeosha damu ile ni Phelesia. Na huyu Zarmina naye alikuwa amelia usiku kucha, ameugeukia ukuta. Basi Phelesia hakufikiri mara mbili. Mama wa watu akiwa usingizini, alikivuta kile kisu polepole, akakizungushia kitambaa, akakificha. Hakumwambia mtu. Kusema kungetaka maneno, na maneno yangeleta maswali.

Zarmina alipoamka akaingiza mkono chini ya mto, alipiga ukelele ambao Phelesia aliusikia mpaka bafuni. Aligeuza godoro. Alimkumbatia mtoto, akamtikisa ili asikie sauti yake. Alimwonyesha kila mtu ile nafasi tupu, akisema neno moja tu tena na tena, na hakuna aliyelielewa. Phelesia alisimama mlangoni na ndoo, mdomo umefungika. Saa sita Hekmat alikuja akawachukua mkewe na mtoto, hata siku moja haijatimia, na Sista Eucabeth alibaki akisema wageni hawashukuru.

Sasa Phelesia aliiegemeza fimbo ya deki ukutani.

"Sista. Mimi nilichukua kisu chake."

"Kisu gani?"

Alimweleza. Ilikuwa hadithi fupi, lakini kwake ilikuwa ndefu kama kulima shamba. Sista Eucabeth alikaa kwenye kitanda kilichokuwa kimetandikwa muda ule ule.

"Siku nne, Phelesia! Siku nne umenyamaza na kisu, na mimi nazunguka soko zima nikimsema huyo mama kuwa hana akili!"

"Nisamehe, Sista."

"Nitakusamehe mtoto akipona. Toa hiyo aproni. Utakirudisha wewe mwenyewe, na urudi na yule mtoto. Mimi natafuta ambulensi."

Nyumba ya Mama Bhoke haikuwa mbali, ila kwa miguu ile ilikuwa mbali ya kutosha. Mwenyewe alikuwa uani akipepeta mtama, mama wa Kikuria mwenye mikono mipana na ulimi usiolala.

"Eh! Sista ameshindwa, sasa wametuma ufagio?" alisema. Phelesia akatazama chini. "Usikasirike, binti yangu, natania. Gonga tu. Mimi mwenyewe ananipokea chakula kwa dirisha. Lakini kiwe cha moto! Nilimpa maziwa baridi, akanirudishia kama nimempa sumu. Na kila jioni anachoma mbegu fulani humo ndani, moshi unatoka mpaka kwa kuku wangu."

Phelesia aligonga. Kimya. Aligonga tena, akasikia nyayo zinakuja hadi nyuma ya mlango na kusimama hapo. Wanawake wawili walikuwa wamesimama, ubao mmoja katikati yao. Alitafuta neno la kusema, hakuliona. Hata angeliona, angelisema kwa lugha gani?

Akapiga magoti kwa shida, akafungua kitambaa, akakisukuma kisu chini ya mlango, mpini ukitangulia.

Kisu kikavutwa ndani. Kisha upande wa pili mtu alivuta pumzi kama aliyetoka majini. Komeo likalia, mlango ukafunguka.

Zarmina alikuwa ameshika kisu kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na uchovu mwingi kuliko hasira, na Phelesia, ambaye aliufahamu uchovu kuliko jambo lolote jingine duniani, aliutambua mara moja. Chumba kilikuwa kimefungwa mapazia, kina joto la jiko. Mtoto alikuwa amefungwa nguo imara, mikono na miguu ndani, kama hindi kwenye maganda yake. Uso wake ulikuwa rangi ya bizari.

Zarmina alimpigia mumewe simu, akaiweka katikati yao. Hekmat alikuwa bondeni Lambwe, mashine ya kisima ikinguruma nyuma yake. Kiswahili chake alikiokota kwa wafanyakazi, lakini kilitosha.

"Ni mimi nilikichukua," Phelesia akaiambia simu. "Mwambie mimi si mwizi. Niliogopa atajiumiza."

Maneno yalikwenda, yakarudi marefu.

"Anasema, nani anajiumiza na kisu cha bibi yake?" Kisha Hekmat akasema yake mwenyewe. "Sikia, dada. Kwetu mzazi anakaa ndani siku arobaini. Haachwi peke yake, na chuma kinakaa karibu na kichwa. Kuna kitu cha kike, wanakiita Aal, kinamfuata mzazi aliye peke yake. Kinaiba maini yake, kinachukua mtoto. Mimi ni injinia. Lakini mama yangu alilala na kisu, na mama yake pia. Hapa mke wangu hana mama, hana dada, na mimi niko kwa kisima. Alikuwa na kile kisu tu."

Phelesia alimkumbuka bibi yake. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimfunika leso mdogo wake wa mwisho, upesi upesi, kila alipopita jirani mmoja aliyesemwa kuwa jasihoho, mwenye jicho linaloumiza watoto. Hakuna muuguzi aliyewahi kuja kumnyang'anya bibi leso yake.

"Mwambie hata kwetu mtoto mchanga anafichwa," alisema. "Mwambie mimi simcheki. Lakini hii manjano haiogopi kisu. Inaogopa taa. Taa ziko hospitali. Awe na vyote viwili."

Zarmina alisikiliza, akamtazama mtoto. Aligusa shavu lake, mtoto hakugeuka kutafuta ziwa. Kidole chake kilibaki pale muda mrefu. Halafu akaongea haraka haraka.

"Anauliza, watakichukua tena?"

"Hapana."

"Anauliza nani atakaa na yeye. Mimi wodi ya akina mama siruhusiwi kulala."

Phelesia alitazama gambuti zake. Tangu Jumapili alikuwa akilala vipande vipande. Nyumbani kulikuwa na kitanda chake, na kesho ilikuwa siku yake ya kupumzika, ya kwanza kwa majuma mawili.

"Mimi," alisema. "Mwambie mimi."

Sista Eucabeth alikuwa amepiga simu kila mahali. Hospitali ya karibu taa zote zilikuwa na watoto, nafasi ilipatikana Homa Bay. Ambulensi ilipofika na Sista ndani, Mama Bhoke alimletea Zarmina chupa ya uji wa moto, akamsimamia mlangoni na leso mbili kubwa ili upepo usimguse wala jicho la mtu lisimfikie. Sista alitaka kusema vioo vya gari vifunguliwe, joto lilikuwa kali, lakini alimwona Phelesia anatikisa kichwa, akaacha.

Homa Bay muuguzi wa zamu, Sista Metrine, alikuwa mwepesi wa mikono na mfupi wa maneno. Alimfungua mtoto nguo zote, akamfunika macho kwa pamba na kitambaa, akamlaza chini ya mwanga wa buluu. Zarmina alilia kumwona uchi, mikono inarukaruka hewani bila kitu cha kuishika. Phelesia alimshika bega. Simu ya Hekmat haikuingia, hivyo alimwelezea kwa vidole. Nguo, hapana. Taa, ngozi. Macho, salama. Kunyonya, njoo. Kila baada ya saa tatu walimtoa akanyonyeshwa, na kila mara ni Phelesia aliyemwamsha Zarmina, kwa hiyo yeye hakulala.

Kisu kilikuwa chini ya godoro la Zarmina. Jumamosi asubuhi Sista Metrine alikuja kubadilisha shuka.

"Hiki ni nini? Ya nani hii?" Alikinyanyua juu, wodi nzima ikageuka. "Kisu! Humu kuna watoto! Askari yuko wapi?"

Zarmina alisimama, uso umekuwa mweupe. Hakutazama kisu. Alimtazama Phelesia.

Phelesia akasogea mbele. Mama kumi walikuwa wakimwangalia.

"Sista, tafadhali, usikichukue."

"Wewe ni nani?"

"Mimi naosha wodi huko kwetu. Jumanne nilikichukua hicho kisu, kama wewe sasa. Nilifikiri nafanya vizuri. Huyu mama akakimbia na mtoto, akajifungia siku nne. Ndiyo maana manjano imefika hapa. Ukikichukua leo, ataondoka tena, na mimi sina nguvu za kumrudisha."

"Hapa ni hospitali, mamii. Si kwa mganga."

"Najua. Nimeosha hospitali miaka sita." Akaonyesha bandeji iliyochungulia mfukoni mwa Sista. "Kifunge. Kifunge bandeji hata mara kumi, kisikate hata karatasi. Anachotaka ni chuma tu. Lakini kikae."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Sista Metrine alikitazama kisu, akamtazama Zarmina aliyekuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa vidole vilivyokuwa vyeupe, akaitazama miguu ya Phelesia. Akatoa bandeji mfukoni na plasta. Alizungusha, akazungusha, mpaka kisu kikawa kama kidole cha mgonjwa. Akakirudisha chini ya godoro.

"Mtu akiniuliza, hicho ni chuma cha kitanda," alisema, akaondoka na shuka chafu.

Jumapili mchana majibu ya damu yalirudi. Manjano ilikuwa imeanza kushuka. Haijafika chini, alisema Sista Metrine, bado siku mbili, labda tatu, lakini inashuka. Mtoto alikuwa amenyonya mpaka akapaliwa. Zarmina alielewa kabla ya kuelezwa. Aliketi kitandani, akajifunika uso kwa shela yake, mabega yakatikisika taratibu.

Simu ya Phelesia ikalia.

"Sista Metrine ameniambia," sauti ya Eucabeth ilisema. "Mungu ni mwema. Nimekusamehe. Sasa unarudi lini? Hapa sakafu inanata."

"Mtoto bado, Sista."

"Mimi mwenyewe nimepiga deki leo. Mimi! Mgongo wangu, Phelesia. Sikujua."

Phelesia akakata simu polepole. Alijaribu kusimama ili akatafute maji ya moto, akashindwa, akakaa tena chini.

Mama wa kitanda cha pili, Trizah, aliyekuwa akinyonyesha pacha wake mmoja mmoja, alimwangalia kwa muda.

"Wewe lala, nyamera, dada yangu," alisema. "Mimi niko macho hata nisipotaka. Nitamkalia. Kwani kwetu mzazi huachwa peke yake?"

Phelesia alimtazama Zarmina, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi. Zarmina alimtazama Trizah, akawatazama wale pacha, akawaza. Kisha akanyoosha kidole sakafuni, kando ya kitanda chake, akatoa neno moja la Kiswahili alilookota humo wodini:

"Lala."

Phelesia akavua gambuti. Zilitoka kwa taabu, na hakujali kama zitarudi miguuni. Akatandika leso, akajinyoosha juu ya saruji ambayo mtu mwingine alikuwa ameipiga deki asubuhi, tena vibaya, pembeni kumebaki vumbi. Kabla ya kufumba macho alipandisha mkono chini ya godoro, akapapasa mpaka akaigusa ile bandeji.

Kilikuwepo. Akalala.