Kidevu cha Sihaba

Katika nyumba ya Saadi, pale Kibiti nyuma ya soko, hakuna kitu kilichogombewa kama kidevu cha binti yake. Sihaba alikuwa darasa la tatu, mwembamba, mwenye macho makubwa, na kidevu chake kilielemea kidogo upande wa kushoto, kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko naye anajizuia kugeuka. Mtu baki asingekiona mpaka aonyeshwe. Na asingekaa sana kabla hajaonyeshwa, kwa sababu bibi zake wawili walikuwa na kazi hiyo.

Bibi Tatu, mama yake Saadi, alikuwa Mmatumbi wa milimani, amehamia kwa mwanawe tangu afiwe na mumewe. Yeye alisema kidevu kile ni cha baba yake, marehemu Mzee Abdulkarimu.

"Baba yangu akikataa jambo, kidevu kinakwenda kushoto hivi," alisema akionyesha. "Kikishakwenda, basi. Hata mkuu wa wilaya hakirudishi."

Bibi Mwanamina, mama yake Rukaiya, alikaa Mbwera, huko kwenye visiwa vya delta. Kila baada ya mavuno ya mpunga alipanda boti mpaka Nyamisati, kisha gari mpaka Kibiti, akashuka na mchele mpya, kamba wakavu na maneno yake. Kwake yeye kidevu kilikuwa cha dada yake mkubwa, ambaye enzi zake wanaume wa Mbwera waligonganisha mitumbwi wakimtazama akifua.

"Kidevu cha urembo kile," alisema. "Huko milimani kwenu mlikipatia wapi?"

Rukaiya, mama wa mtoto, alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani katikati ya viti vya wale wazee wawili. Siku moja alisema labda kidevu ni cha Sihaba mwenyewe. Wote wawili wakamgeukia kwa pamoja na kumwambia asiingilie mazungumzo ya watu wazima.

Lakini Rukaiya alikuwa na lake moyoni. Sihaba akitafuna, taya lilikuwa likilia, kwa! kwa!, mpaka watu wa upande wa pili wa sinia wanasikia. Embe alikuwa halimegi. Alisubiri akatiwe vipande vidogo. Na akimaliza kula alikuwa akishika shavu la kushoto na kukaa kimya. Rukaiya aliposema mtoto apelekwe akatazamwe, Bibi Tatu alimwambia mtoto anadeka, na Bibi Mwanamina akasema mtoto ambaye kula kwake kunasikika ana baraka. Hapo, kwa nadra, walikuwa upande mmoja. Rukaiya hakujiuliza kwa nini.

Ndipo akaja Daktari Muzdalifa. Alikuwa daktari wa meno kutoka chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani. Alikuwa akifanya utafiti kuhusu viungo vya taya na namna uso wa mtoto unavyokua kiungo hicho kikiwa na hitilafu. Alizunguka shule za Kibiti na Umwe akiwapima watoto nyuso kwa kifaa kama bikari ya hesabu, akiwaambia wafunue midomo na kufunga, huku amewawekea vidole mbele ya masikio. Alipofika kwa Sihaba alipima, akapima tena, kisha akaagiza mzazi aitwe.

Saadi alikuwa amekwenda Ikwiriri kufuata vipuri vya pikipiki. Rukaiya akajitanda khanga akaenda. Alipogeuka njiani, akawaona nyuma yake Bibi Tatu na Bibi Mwanamina, kila mmoja amevaa khanga zake za sikukuu, na Bibi Mwanamina amepaka wanja.

"Mama, mwalimu ameita mzazi," Rukaiya alimwambia mama yake.

"Na wewe nani alikuzaa?" Bibi Mwanamina akamjibu, akampita.

Daktari aliwapokea kwenye chumba cha walimu, akawaamkia shikamoo, akawapa viti. Sihaba alikuwa amekaa kwenye benchi akichezesha miguu.

"Nimewaita kwa ajili ya kidevu cha mtoto," alianza.

"Cha baba yangu," alisema Bibi Tatu.

"Cha dada yangu," alisema Bibi Mwanamina.

Daktari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Akasema kwamba katika utafiti wake, sura za wazazi na wazee zinasaidia kujua lipi limetoka kwenye ukoo na lipi halikutoka, kwa hiyo kama hawatajali angewapima na wao. Kujali! Bibi Tatu alikuwa ameshavua miwani. Bibi Mwanamina alidai apimwe wa kwanza kwa kuwa ametoka mbali. Wakapimwa paji la uso, mashavu, pua mpaka kidevu. Bibi Tatu, kwa kutaka kumsaidia daktari, alikisukuma kidevu chake kushoto kwa nguvu zake zote.

"Bibi, kiache kikae kawaida."

"Hivi ndivyo kinavyokaa."

"Bibi, tafadhali."

Kikaachiwa, kikarudi katikati. Cha Bibi Mwanamina nacho kilikuwa katikati. Rukaiya alipopimwa, naye vilevile. Daktari akaandika, akavuta kiti karibu na Rukaiya.

"Mama Sihaba, hili si la ukoo. Mtoto ana tatizo. Kiungo cha taya cha kushoto, hapa mbele ya sikio, hakikui kama cha kulia. Upande mmoja unasonga mbele, mwingine umebaki nyuma, ndiyo maana kidevu kinavutwa. Na ule mlio, na maumivu, vinatoka hapohapo."

Bibi Tatu akakohoa.

"Kusema kweli," alisema, "baba yangu alikuwa na ndevu nyingi. Kidevu chake hatukukiona vizuri."

"Na dada yangu alikuwa kainama muda wote, anafua," alisema Bibi Mwanamina. "Mimi naona kidevu hiki cha milimani kabisa."

"Cha milimani? Si umekitangaza mpaka msikitini kuwa ni cha Mbwera?"

"Bibi zangu," daktari aliingilia, "nimesema si la ukoo. Mara nyingi chanzo chake ni kuanguka. Mtoto akiwa mdogo anaanguka, anajigonga kidevu, jeraha la nje linapona, watu wanasahau, kumbe kiungo kule juu kimeumia." Akakiinua kidevu cha Sihaba kwa kidole. "Hapa chini kuna kovu. Lilitokana na nini?"

"Jipu," alisema Bibi Mwanamina.

"Kuku alimdonoa," alisema Bibi Tatu, wakati uleule.

Daktari akaweka kalamu chini. Rukaiya, ambaye miaka yote alijua ni jipu, aliwageukia.

"Kuku?"

Bibi Mwanamina alimkazia macho mwenzake, akasahau kabisa walipo. "Mkwe mwenzangu! Si tulikubaliana jipu!"

Likishatamkwa halimezwi tena. Yakatoka yote. Miaka kadhaa nyuma, Rukaiya akiwa ndani, amejifungua mdogo wake Sihaba, hao wawili walimchukua mtoto kwenda naye harusini Mbwera. Boti ilipofika, kila mmoja alitaka yeye ndiye aingie kijijini amemshika mjukuu. Huyu akavuta mkono wa kulia, yule wa kushoto, matope yanateleza, na katika kuvutana huko Sihaba akawaponyoka, akapiga kidevu kwenye ukingo wa boti. Walimwosha, wakamfunga kitambaa, wakamtembeza harusini kwa zamu. Na kabla ya kurudi Kibiti walikaa kitako wakapatana jambo moja, la kwanza na la mwisho katika ukwe wao: ni jipu, limepasuka, limepona.

"Jipu lilikuwa wazo langu," Bibi Tatu alisema polepole. "Halafu nikalisahau."

Rukaiya hakupiga kelele. Alimshika Sihaba mkono, akamuuliza daktari kama bado kuna la kufanya. Daktari akamwambia lipo, tena wamewahi, kwa sababu mtoto bado anakua. Atakwenda Dar es Salaam kupigwa picha, atatengenezewa kifaa cha kuvaa mdomoni cha kuliongoza taya, na kila siku atafanya mazoezi ya kufunua mdomo mbele ya kioo, polepole, kwa kunyoosha. Ni kazi ya kufuatiliwa mpaka awe msichana mkubwa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Rukaiya alitangulia na Sihaba. Wazee walimfuata nyuma wakiwa wameshikana mikono, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Kibiti. Usiku wa kwanza hakula nao. Kesho yake alishona mpaka mchana, akasimamisha cherehani, akawaita.

"Nilikuwa nasema mtoto anaumwa," alisema. "Mkaniambia anadeka."

Bibi Tatu akainamisha kichwa. Bibi Mwanamina akajifuta macho kwa ncha ya khanga, wanja ukaenda mpaka sikioni.

"Mazoezi mtamfanyisha nyinyi. Wote wawili, pamoja, chumba kimoja, kioo kimoja. Na mama, Mbwera hurudi mpaka nione mabadiliko."

"Mpunga wangu—"

"Kaka atalima, kaka atavuna."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi kabla ya shule, na kila baada ya alasiri, mtoto alikaa mbele ya kioo katikati ya bibi zake. Kwa kuwa Sihaba aliona aibu kufunua mdomo peke yake, nao wakafunua. Majirani waliopita kusalimia walikuta watu watatu wamekodoa macho, midomo wazi, na kujibiwa "aaa" badala ya marahaba. Walishindana nani anafunua kwa kunyooka zaidi, Sihaba akawa mwamuzi, na alikuwa mkali.

Saadi alipowakuta hivyo mara ya kwanza, alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe alipomtazama, akaacha. Kisha Rukaiya mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shuleni, akaanza kucheka.

Mwaka uliofuata Daktari Muzdalifa alirudi kupima tena. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi, na mazoezi pia. Kidevu kilikuwa bado na safari, alisema, lakini kilikuwa kimeacha kwenda kushoto, na Sihaba alikuwa anamega embe. Akawashukuru bibi.

"Hata mimi taya limepona," alisema Bibi Mwanamina. "Lilikuwa likinikaza miaka mingi nikipiga mwayo, sikumwambia mtu. Sasa jepesi kabisa."

Daktari alifurahi, akamweka vidole mbele ya masikio, akamuuliza maswali mengi, akaandika ukurasa mzima. Bibi Tatu alitazama kalamu ikienda. Alijipapasa shavu la kulia, kisha la kushoto.

"Daktari," alisema, "hebu nisikilize na mimi hapa. Nadhani linalia."

"Funua, bibi."

Akafunua. Halikulia.

"Ngoja nifunue tena," alisema Bibi Tatu, akavuta kiti mbele.